Kwa nini chipu ya zamani inapanda bei badala ya kushuka?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Tunatengeneza vidhibiti vya pampu za maji. Kwa miaka tisa tumetumia maikrokontrola ileile ya biti 8, chipu inayoendesha kidhibiti chote. Tulianza kuinunua kwa dola 2.10, ikashuka kidogo kidogo mpaka dola 1.15, ikatulia hapo muda mrefu. Mwaka huu msambazaji anataka dola 1.90, na haniuzii tena kwa mamia kama zamani, lazima nichukue mkanda mzima wa chipu 2,500. Kwa mwaka tunatumia kama 4,000. Na huku naona chipu mpya zenye nguvu mara kumi zinauzwa dola moja. Je, ananilangua? Nilidhani vitu vya elektroniki vikizeeka hushuka bei."

Ndugu yangu, kwa maelezo haya sidhani kama anakulangua. Bei ulizoniandikia zina sura ambayo wanunuzi wa chipu wanaijua vizuri: mteremko mkali, kisha uwanda mrefu, kisha mlima. Mteremko umeshauteremka, uwanda umeumaliza, na sasa uko kwenye mguu wa mlima. Kinachopandisha bei si miaka yenyewe. Ni idadi ya wanunuzi waliobaki kuchangia gharama ya kuendelea kuitengeneza chipu hiyo, na idadi ya viwanda vinavyoweza kuitengeneza. Chipu ikizeeka, idadi hizo kwa kawaida hupungua, ndiyo maana watu hudhani umri ndio unaoamua.

Tuanze na mteremko, maana ndio uliokufanya uamini kwamba bei hushuka siku zote. Chipu hazitengenezwi moja moja. Huchorwa kwa pamoja juu ya sahani nyembamba ya silikoni, kisha sahani hukatwa vipande. Viwanda vya kisasa hutumia sahani za milimita 300, vya zamani za milimita 200 au 150. Gharama ya kuipitisha sahani moja kiwandani ni karibu ileile, ziwe zimetoka chipu nzima mia tatu au mia tano. Sasa chukua sahani ya milimita 200 na chipu yenye ukubwa wa milimita 50 za mraba. Ukiondoa vile vilivyokatika pembeni, unapata vipande 565 hivi. Chembe ya vumbi au kasoro isiyoonekana kwa macho inaua kipande ilichokiangukia. Tuseme kiwanda ndiyo kwanza kinaanza, na kila sentimita moja ya mraba ina wastani wa kasoro moja: vitapona vipande 343 tu. Baada ya miaka miwili mafundi wamezisaka kasoro moja baada ya nyingine, wamezipunguza hadi moja kwa kila sentimita tano za mraba: sasa vinapona 511. Ikiwa sahani inagharimu dola 1,000, kipande kizima kimetoka dola 2.92 hadi dola 1.96. Mchoro wa chipu haujaguswa. Mashine ni zilezile. Kilichobadilika ni usafi na uzoefu wa mikono.

Wachumi Douglas Irwin na Peter Klenow walilipima jambo hili kwenye chipu za kumbukumbu za kompyuta, wakachapisha matokeo mwaka 1994. Walikuta kwamba kila jumla ya chipu zilizokwisha kutengenezwa inapoongezeka maradufu, gharama hushuka kwa wastani wa asilimia 20. Kwa hiyo mwanzoni, wakati kuongeza maradufu ni kazi ya miezi, bei huporomoka. Baadaye kuongeza maradufu kunachukua miaka, na bei inaonekana kama imesimama.

Wenye viwanda wanajua hesabu hii, na wapo walioitumia kwa ujasiri mkubwa. Mwaka 1964 Robert Noyce wa kampuni ya Fairchild aliamua kuuza saketi jumuishi, yaani chipu, kwa bei iliyo chini ya gharama ya kuzitengeneza. Aliamini kwamba bei hiyo italeta wanunuzi, wanunuzi wataleta wingi, na wingi utaishusha gharama mpaka ilingane na bei aliyokwisha kuitangaza. Akawa sahihi. Mwaka 1975 kampuni ya MOS Technology ilipeleka prosesa yake ya 6502 kwenye maonyesho ya WESCON, San Francisco, ikaiuza dola 25. Mwaka mmoja kabla yake prosesa ya Intel 8080 ilikuwa imetangazwa kwa dola 360. MOS haikuruhusiwa kuuza ndani ya ukumbi, kwa hiyo wanunuzi walipanda hadi chumba cha hoteli na kuchotewa chipu kutoka kwenye mtungi wa kioo. Motorola, waliokuwa wakiiuza prosesa yao ya 6800 kwa dola 175, wakashuka hadi dola 69 muda mfupi baadaye. Nakueleza hili ili uone kwamba bei ya chipu changa mara nyingi ni dau juu ya kesho. Dola moja unayoiona kwenye hizo chipu mpya huenda ina dau la namna hiyo ndani yake.

Sasa uwanda. Sehemu kubwa ya gharama ya chipu mpya ni mitambo, na mitambo hiyo huhesabiwa uchakavu kwa muda mfupi, kwa kawaida miaka mitano hivi. Miaka hiyo ikiisha, kwenye vitabu vya kiwanda mashine zimekwisha kulipiwa. Kinachobaki ni silikoni, kemikali, gesi, umeme, mishahara, na ile kazi ya mwisho ambayo watu huisahau: kuifunga chipu ndani ya plastiki yenye miguu na kuipima. Kwa chipu ndogo kama yako, kufunga na kupima vinaweza kugharimu zaidi ya silikoni yenyewe. Hiyo ndiyo sakafu. Hata silikoni ingekuwa ya bure, bado plastiki, miguu ya shaba na sekunde chache kwenye mashine ya kupimia vinalipiwa.

Kuna chipu ambazo zimekaa kwenye uwanda huo maisha yao yote. Kipima muda 555, alichokibuni Hans Camenzind na kikaanza kuuzwa na kampuni ya Signetics mwaka 1972, bado kinatengenezwa, na bado ni senti chache ukinunua kwa wingi. Kikuza mawimbi 741 ni cha mwaka 1968, nacho kipo. Hizi ni kongwe kuliko wahandisi wengi wanaozitumia, na hazijapanda mlima wowote. Kwa nini? Kwa sababu zinatengenezwa na kampuni nyingi, na miguu yao imepangwa vilevile kwa kila mtengenezaji. Mmoja akichoka, unahamia kwa mwingine bila kugusa bodi yako. Maikrokontrola yako ina mtengenezaji mmoja tu duniani. Tofauti yote iko hapo, na naomba uikumbuke utakapochagua inayofuata.

Tupande mlima sasa, maana ndipo ulipo. Sahani za silikoni husafiri kiwandani kwa makundi, na kundi la kawaida ni sahani 25. Chipu yako ni ndogo; tuchukulie milimita 5 za mraba. Sahani moja ya milimita 200 inatoa vipande kama 6,000, kundi zima linatoa kama 150,000. Bidhaa yako ilipokuwa kijana, huenda dunia ilikuwa ikimaliza makundi kadhaa kila mwezi. Leo wateja wakubwa wamehama. Tuseme waliobaki, wewe ukiwemo, mnahitaji 60,000 kwa mwaka. Kundi moja linawatosha kwa miaka miwili na nusu. Mtengenezaji analilipia leo, analifungia stoo, na fedha yake inarudi kwa matone. Kupanga ratiba, kuandaa mashine ya kupimia, kutunza programu ya vipimo iliyoandikwa miaka kumi iliyopita na mtu ambaye huenda ameshastaafu: gharama hizi hazipungui kwa sababu oda zimepungua. Zinagawanywa kwa chipu chache zaidi, basi.

Na kiwanda chenyewe kinazeeka. Vipuri vya mashine za sahani za milimita 150 na 200 vinakuwa adimu, watengenezaji wa mashine wamehamia mifano mipya, na nafasi iliyopo inagombewa na chipu za umeme na za magari ambazo zinalipa vizuri. Kuihamishia chipu yako kwenye kiwanda kingine si kama kuhamisha mzigo kutoka lori moja hadi jingine. Lazima ithibitishwe upya, kipimo kwa kipimo, na wateja waarifiwe na kukubali. Kwa chipu inayouzwa 60,000 kwa mwaka, hakuna mhasibu atakayesaini gharama hiyo bila kupandisha bei.

Kuna sababu nyingine ambayo wauzaji hawaitamki wazi, nami nitaisema: wakati mwingine bei inapandishwa ili uondoke. Mtengenezaji ana chipu mpya inayofanya kazi hiyohiyo, anataka uhamie huko, na ongezeko la bei ni ujumbe wa kwanza kabla ya barua rasmi. Sioni ubaya ndani yake, ili mradi barua nayo ije kwa wakati.

Hili haliwapati wanunuzi wadogo peke yao. Katikati ya mwaka 2025 kumbukumbu za kompyuta za DDR4, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2014, zilipita bei ya DDR5 kwenye soko la papo kwa papo. Chipu iliyo nyuma kizazi kizima ikawa ghali kuliko mrithi wake. Samsung, SK Hynix na Micron walikuwa wanaipunguza DDR4 ili mitambo yao itumike kwa DDR5 na kwa kumbukumbu zinazofungwa pamoja na prosesa za akili mnemba. Waliobaki na bodi zinazokubali DDR4 tu wakakimbilia kununua kwa mkupuo, na kukimbilia huko nako kukaipandisha bei. Kampuni ya Zilog nayo, mwezi Aprili 2024, ilitoa barua ya kusitisha Z80 ya kawaida, prosesa iliyozaliwa mwaka 1976, na mwisho wa kupokea oda ukawekwa tarehe 14 Juni 2024. Iliishi miaka 48. Wapo waliokuwa na miezi miwili tu ya kuamua.

Utajuaje kwamba huu ni mlima wa uzee na si uhaba wa muda kama ule wa 2020 hadi 2022? Kipindi kile chipu za teknolojia ya zamani ndizo zilizokosekana, na magari ya maelfu ya dola yalisimama kiwandani yakisubiri kipande cha dola moja au mbili. Wakati wa uhaba, dalili ya kwanza ni muda wa kusubiri: ulizoea wiki 12, unaambiwa 40 au 50, na karibu kila chipu ya kundi hilo inapanda kwa pamoja. Uhaba ukiisha, bei inalegea. Chipu inayozeeka ina dalili tofauti. Inapanda peke yake wakati ndugu zake wapya wanashuka, na kiwango cha chini cha oda kinakua. Umesema zamani ulinunua kwa mamia na sasa unalazimishwa mkanda mzima. Hiyo kwangu ni dalili nzito kuliko ile dola 1.90. Msambazaji hataki kubaki na mkanda uliokatwa, kwa sababu hana uhakika nani atanunua mabaki.

Kabla ya lolote, angalia herufi za mwisho za namba ya chipu yako. Hizo mara nyingi hueleza umbo la kifungashio. Silikoni ileile inaweza kuuzwa katika vifungashio vitatu au vinne, na kile cha zamani chenye miguu mirefu inayopenya kwenye matundu ya bodi ndicho hutangulia kupanda bei, kwa kuwa watu wengi wamehamia vile vidogo vinavyolehemiwa juu ya bodi. Nimeona mara kadhaa chipu ileile ikiwa theluthi nzima rahisi zaidi katika kifungashio kidogo. Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, unabadilisha mchoro wa bodi tu. Programu haiguswi hata mstari mmoja.

Kisha nenda kwa mtengenezaji mwenyewe, si kwa msambazaji. Tazama kama chipu imewekewa alama ya kutopendekezwa kwa miundo mipya, na uliza kama ipo kwenye orodha ya bidhaa walizoahidi kuzitengeneza kwa miaka 10 au 15. Kampuni kadhaa zina ahadi hizo na huzitangaza. Kampuni iitwayo Microchip inajulikana kwa kutosimamisha chipu ambayo wateja bado wanainunua. Jiandikishe pia upokee barua zao za mabadiliko. Kanuni ya viwanda inayofuatwa na wengi, J-STD-048, inataka mteja apewe angalau miezi sita ya kuweka oda ya mwisho na miezi kumi na miwili ya kupokea mzigo. Lakini barua humfikia aliyejiandikisha. Wewe uliyenunua kwa mamia kupitia mtu wa tatu huenda hujulikani kabisa.

Tufanye hesabu yako. Ongezeko la senti 75 kwa chipu 4,000 ni dola 3,000 kwa mwaka. Ukihamia chipu ya dola moja, unaokoa dola 3,600 ukilinganisha na bei ya leo. Tuseme kubuni bodi upya, kuandika programu upya na kuijaribu kwenye pampu halisi kutakugharimu dola 15,000. Utazirudisha baada ya miaka minne na kitu. Kwa bei peke yake, basi, hakuna haraka. Ila bei si hatari yako kubwa. Hatari yako ni siku barua itakapotoka nawe huna muundo mbadala, ukalazimika kununua za miaka mitano kwa mpigo: chipu 20,000, dola 38,000 zikiwa zimelala stoo ndani ya mifuko ya kuzuia unyevu. Na ukikosea makadirio, ama unabaki na mzigo usio na kazi, ama unaishiwa mwaka wa tatu.

Anayeishiwa mwaka wa tatu huenda kwa madalali, na hapa nakuomba uwe makini sana. Mwaka 2012 kamati ya Seneti ya Marekani inayoshughulikia majeshi ilitoa ripoti iliyokusanya visa kama 1,800 vya vipuri vya elektroniki vilivyoshukiwa kuwa bandia, jumla yake zaidi ya milioni moja. Kama mfumo wa manunuzi wa jeshi unapenywa, wetu utapenywa pia. Mimi mwenyewe niliwahi kupokea mfuko wa chipu zilizokuwa zimeacha kutengenezwa, kutoka kwa dalali aliyesifiwa na wengi. Maandishi yalikuwa meupe na safi, tarehe zikionyesha mwaka mmoja na wiki moja kwa chipu zote. Nililowesha pamba kwenye asetoni, nikausugua mgongo wa moja. Pamba ikawa nyeusi. Chini ya rangi ile palikuwa na mikwaruzo ya msasa iliyokwenda upande mmoja, na katika kona moja nusu ya tarakimu ya zamani ilikuwa bado inasomeka. Kumbe zilikuwa zimeng'olewa kwenye bodi za takataka. Chache zilifanya kazi mezani, nyingine zikafa zilipopashwa joto. Kwa chipu zilizosimamishwa, tafuta kwanza wauzaji wenye idhini ya mtengenezaji, kama Rochester Electronics, ambao tangu 1981 wananunua akiba za mwisho na hata kuzitengeneza upya kwa leseni. Bei yao haitakufurahisha, lakini utapata chipu halisi.

Ushauri wangu ni huu. Nunua mikanda miwili sasa kwa dola 1.90, bila ugomvi na msambazaji. Inakupa mwaka mmoja na miezi mitatu. Ndani ya muda huo buni bodi mpya, na usichague chipu iliyotoka mwezi uliopita. Changa kabisa ina bei ya mwanzo iliyo juu, na orodha ya kasoro zake bado inaongezwa. Tafuta iliyo na miaka miwili au mitatu sokoni, ambayo bei yake imeanza kutulia, ina ahadi ya miaka isiyopungua kumi, na ina ndugu zake wenye mpangilio uleule wa miguu ili ukikosa mmoja uweke mwingine. Programu iandikwe kwa lugha ya C, na sehemu inayogusa chipu moja kwa moja itengwe kwenye faili lake. Hivyo uhamisho wa mara ijayo hautakuwa wa dola 15,000.

Na utakapompigia msambazaji kuweka oda ya mikanda hiyo miwili, muulize amebakiwa na mingapi stoo na ana oda ngapi zilizo njiani kutoka kiwandani. Akikwambia ipo mingi stoo lakini hakuna hata oda moja njiani, ianze kazi ya bodi mpya wiki hiyohiyo.